Pikapu Iliyotumika kama Gari la Familia: Anza na Kiti cha Nyuma

Anayetafuta pikapu iliyotumika mjini Nakuru hupokelewa na injini. Kabla hamjamaliza salamu, muuzaji ameshafungua boneti, ameliwasha gari na kukanyaga mafuta, huku akikuhakikishia kwamba dizeli ya namna hii haijui kuchoka. Hayo yanamfaa mkandarasi wa barabara au mfanyabiashara wa viazi. Familia yenye watoto watatu, nyanya mwenye magoti yanayouma na shamba la ekari mbili upande wa Molo ina maswali mengine, na mengi kati ya hayo hujibiwa kwenye kiti cha nyuma na chini ya bodi ya mizigo, mahali ambapo wauzaji hawana haraka ya kumpeleka mteja.

Sisi tulitafuta katika yadi za Nakuru na Kisumu na kwa watu binafsi, tukapima kwa makini pikapu tatu za kabini mbili, yaani zenye safu ya viti vya mbele na ya nyuma: Toyota Hilux ya kizazi kinachojulikana kama Vigo, Isuzu D-Max ya kizazi cha pili na Nissan Navara aina ya D40. Tulinunua D-Max ya mwaka 2014 yenye injini ya dizeli ya lita 2.5. Nizungumzapo juu yake hapa, nazungumza juu ya gari la kupeleka watoto shuleni, kanisani na kwa babu yao Kakamega, ambalo pia hubeba mbolea na mavuno. Mtu asiye na shamba, asiyejenga na asiyekaa kwenye barabara ya udongo hana sababu ya kusoma zaidi ya hapa, kwa kuwa Fielder au Noah itamkalisha vizuri zaidi, itakunywa mafuta kidogo zaidi na haitamsumbua kwenye maegesho.

Nianze na kiti. Katika pikapu ya kabini mbili, ukuta wa nyuma wa kabini uko mara tu baada ya mgongo wa abiria, kwa sababu nafasi inayofuata ni ya mizigo. Ndiyo maana egemeo la kiti cha nyuma husimama wima kuliko la gari dogo, na sakafu nayo huwa juu, hivi kwamba mtu mzima hukaa magoti yakiwa yameinuka na mapaja hayagusi kiti. Kwenye Vigo jambo hili huonekana upesi: mbele kuna starehe ya kutosha, lakini abiria mrefu wa nyuma huanza kujigeuzageuza kabla hamjafika mbali. D-Max ya kizazi cha pili imelaza egemeo kidogo zaidi, na Navara ya D40 ina nafasi nzuri ya mabega. Usiyapime haya kwa kukaa dakika moja gari likiwa limesimama. Mrekebishie dereva kiti chake kama anavyokitaka, kisha wewe mwenyewe keti nyuma yake, mwambie aendeshe kwenye barabara ya changarawe, na ukae huko hadi mgongo wako uanze kutoa maoni. Wanunuzi wengi hulijaribu gari kutoka upande wa usukani, ilhali wanaoumia ni wale ambao hawakuja yadini.

Hapo hapo nyuma, vuta kila mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Mkanda usiorudi, au unaorudi kwa kusitasita, ni gharama. Sehemu ya ndani ambayo huwa imejikunja ndani ya nguzo huhifadhi habari ambazo muoshaji wa magari hakuzifikia: mstari wa tope laini la kijivu unaonyesha gari limewahi kusimama ndani ya maji, jambo la kuzingatia kwa yeyote anayenunua gari lililoishi karibu na mto Nyando na nyanda za Kano, ambako mafuriko si hadithi. Tazama pia nafasi ya katikati, kwa maana baadhi ya matoleo yana mkanda wa kiunoni tu pale, na mtoto wako wa pili ndiye atakayeketishwa hapo. Ukiwa na kiti cha mtoto mchanga, njoo nacho ukifunge kabla ya kujadili bei. Angalia pia mifuko ya hewa, kwa kuwa pikapu nyingi zilizoagizwa na makampuni kwa ajili ya kazi zilinunuliwa katika toleo la bei ya chini lililopunguziwa vifaa vya usalama. Ford Ranger ilipata nyota 5 katika majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwenye ajali, mwaka 2011, ikiwa pikapu ya kwanza kufika hapo, lakini nyota za aina fulani ya gari hazikuhakikishii kwamba hilo lililo mbele yako lina vifaa vyote vilivyopimwa. Tafuta maandishi ya mfuko wa hewa kwenye usukani na kwenye dashibodi, kisha uwashe ufunguo uone kama taa yake inawaka na kuzimika yenyewe. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kama ile isiyozimika.

Kuhusu nyanya na kimo cha gari, nitasema kwa ufupi tu: bila ngazi za pembeni na vishikio imara kwenye nguzo, mama mkwe wangu angebaki nyumbani. Ngazi hizo hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea kwa bei nafuu, ila hakikisha zimefungwa kwenye fremu, ule uti wa mgongo wa chuma ulio chini ya gari, wala si kwenye bati la kabini.

Sasa tushuke chini ya gari, maana huko ndiko starehe ya kiti inakoamuliwa. Hilux, D-Max na Navara ya D40 zote zina springi za bapa nyuma, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Springi hizo zimetengenezwa kustahimili mzigo wa karibu tani moja. Likiwa tupu, gari hurukaruka, na hilo ni umbile lake wala si ugonjwa. Navara ya baadaye, ile ya D23, iliwekewa springi za kuzunguka nyuma katika matoleo mengi ya kabini mbili, na tofauti yake huhisika hasa barabara inapokuwa na mikunjo midogo. Lakini kuna jambo ambalo halimo katika vitabu vya watengenezaji. Pikapu nyingi zilizotumika hapa nchini zimeongezwa vipande vya springi ili zibebe kuliko zilivyokusudiwa kubeba. Mojawapo ya zile tulizozikagua Kisumu ilikuwa safi kwa rangi na kwa injini, lakini ilitupiga mgongo kwa namna isiyoelezeka. Fundi tuliyekwenda naye alilala chini, akaangaza tochi, akagusa vipande viwili vya chini kabisa vilivyokuwa na rangi tofauti na vingine, akasema, "Mwalimu, hizi mbili si zake. Hizi ni za kubebea mchanga." Muuzaji alikuwa ametuambia kwamba gari lilikuwa la daktari.

Kwa hiyo hesabu vipande vya kulia na vya kushoto, linganisha unene na kutu yake, na utazame kamba za chuma zinazovishikilia pamoja kama boliti zake zimefunguliwa karibuni. Vipande vya ziada vinaweza kuondolewa na fundi yeyote mzuri wa springi, nasi tulifanya hivyo kwa gari tulilolinunua, ambalo lilikuwa na kimoja cha ziada kila upande. Shida kubwa ni kile ambacho vipande hivyo vinakusimulia: gari lililobebeshwa kupita kiasi miaka mingi limechosha pia fremu, breki, klachi na difu, ile giaboksi ya kwenye ekseli, na hizo haziondolewi kwa spana.

Fremu ndiyo inayotofautisha pikapu nzuri na mtego. Simama pembeni mwa gari, utazame ule mwanya ulio kati ya kabini na bodi ya mizigo. Unatakiwa uwe na upana mmoja kutoka juu hadi chini, kulia na kushoto. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, au kinyume chake, fremu imepinda, ama kwa ajali au kwa mzigo. Kisha chungulia chini, pale springi zinaposhikana na fremu, utafute alama za kuchomelea. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ya gari la miaka 10 haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kwa Navara ya D40 iliyoingizwa kutoka Uingereza, hili ni sharti: chumvi inayomwagwa barabarani huko wakati wa baridi hula chuma, na wamiliki wengi wa Navara hizo nchini humo walilalamika kwamba fremu zilioza na nyingine kukatika katikati, nyuma ya kabini. Gonga kwa nyundo ndogo na usikilize. Chuma kizima hulia; kilichooza hunong'ona.

Bodi ya mizigo yenyewe ina urefu wa karibu mita 1.5 katika pikapu hizi, jambo linalowashangaza watu wanaodhani wamenunua lori. Godoro la futi 6 halilali ndani mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, na mabati ya mita 3 hutoka nje kwa nusu nzima ya urefu wake. Uzito nao una hesabu yake. Ile tani inayotajwa hujumlisha watu pia. Magunia 8 ya mahindi yenye kilo 90 kila moja ni kilo 720. Ongeza watu wazima wanne na mizigo yao midogo, nawe umeshafika kilo 1,000 au umepita. Baba anayetoka Kitale na magunia 10 pamoja na familia nzima ndani anaendesha gari lililozidiwa, hata kama wenzake wote barabarani wanafanya hivyo. Kuhusu desturi ya kuwapandisha watoto wa jirani kwenye bodi ya nyuma wakati wa harusi na mazishi, sitabishana na mtu: bodi hiyo haina viti wala mikanda, na mtu akirushwa hakuna wa kumdaka.

Familia itahitaji kifuniko cha bodi. Turubai la kufunga kwa kamba linatosha kwa magunia, lakini si kwa masanduku ya wanafunzi wanaokwenda bweni, kwani mvua ya alasiri ya Kericho hupata njia. Kanopi ngumu yenye kufuli huzuia mvua na wezi wa kwenye foleni. Haizuii vumbi. Mwendo wa gari huvuta vumbi kutoka nyuma, nalo huingia kupitia kingo za mlango wa bodi hadi kwenye chapati za safari, mpaka ubandike mpira wa kuziba pale mlango unapokutana na bodi. Mpira huo huuzwa kwa mita katika maduka ya spea, na hakuna pesa ndogo iliyotuletea amani kubwa kama hiyo.

Kuna hila moja inayowanasa watu wa maeneo ya tope kama Elburgon na Mau Narok. Pikapu iliyoinuka juu si lazima iwe inavuta kwa magurudumu manne. Vigo za aina ya Prerunner na D-Max za aina ya Hi-Lander, zote za kutoka Thailand, zina kimo na sura ya gari la tope lakini huvuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Usiridhike na stika iliyobandikwa ubavuni. Tafuta kitasa au kitufe cha kubadilishia, inama uone kama kuna shafti inayokwenda mbele, kisha uendeshe kwenye udongo ukiwa umeunganisha magurudumu yote, usikilize kama kuna kugonga. Magari yaliyokaa mjini maisha yao yote mara nyingi huwa na mfumo uliogandishwa na kutotumika.

Injini nitazipitia haraka, kwa sababu zimeandikiwa mengi. Dizeli za Vigo, za lita 2.5 na 3.0, hutumia mkanda wa taimingi, ule wa mpira unaoendesha vali za injini, ambao sharti ubadilishwe kwa wakati. Taa ya kukumbusha iliyo kwenye dashibodi inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, hivyo dai risiti, na ukikosa, weka gharama hiyo katika bei. Dizeli za D-Max hutumia cheni. Navara ya D40 ya lita 2.5 pia ni ya cheni, lakini cheni yake inajulikana kwa kulegea, na sauti ya kukwaruza wakati wa kuwasha asubuhi ni sababu tosha ya kuondoka. Kwa zote tatu, injekta, yaani vipulizia mafuta vya injini, ni ghali na huharibiwa na mafuta machafu au yenye maji. Omba gari liwashwe likiwa baridi kabisa. Ukifika na kukuta boneti ina joto, rudi siku nyingine. Moshi mweupe usioisha, injini kutetemeka kwa dakika za mwanzo, na mfuniko wa mafuta ya injini unaopuliza kwa nguvu ukiufungua, hayo yote ni mambo ya kumwachia mnunuzi mwingine.

Barabarani, D-Max yetu ni tulivu kwa gari la kazi. Kupanda kutoka Salgaa hadi Mau Summit haikupi shida hata ikiwa na mzigo, na kwenye safari ndefu hutupa kati ya kilomita 10 na 12 kwa lita moja kulingana na mguu wa dereva. Tatizo liko kwenye kushuka ikiwa tupu wakati wa mvua. Uzito mwingi uko mbele, magurudumu ya nyuma hayana kitu cha kuyabana chini, na kwenye kona za Londiani mtu anayekanyaga breki ghafla huhisi nyuma ikitaka kwenda njia yake. Punguza mwendo kabla ya kona, hakikisha breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu kujifunga, zinafanya kazi, na ufuate kipimo cha upepo cha gari tupu kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango, kwa sababu vijana wa kujaza upepo hujaza cha mzigo siku zote. Mjini, urefu wa zaidi ya mita 5.2 ni karibu mita nzima zaidi ya gari dogo la Probox. Mke wangu, ambaye huendesha vizuri kunishinda, hukataa kabisa kuingia nayo karibu na soko la Kibuye siku ya Jumapili, naye ana haki.

Kilichotufanya tuchague D-Max si kwamba ni bora kwa kila kitu. Vigo hushika bei yake kwa namna ya kuudhi: pesa zilezile zilitupatia D-Max ya miaka michache zaidi karibu na leo na iliyotembea kidogo kuliko Hilux iliyochoka. D-Max huunganishwa Nairobi katika kiwanda kilichoitwa General Motors East Africa kabla ya kuwa Isuzu East Africa mwaka 2017, na mafundi wa Nakuru wanaijua kwa kuikuta kila siku. Spea zake, halisi na zisizo halisi, zimo. Navara ilikuwa ya starehe zaidi kwa aliyeketi nyuma, na kama tungepata ya D23 yenye historia safi kwa bei tuliyoimudu, huenda maandishi haya yangekuwa juu yake.

Yabaki makaratasi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo pikapu ya zamani zaidi iliyoko yadini imekuwa nchini muda fulani, na inafaa kujua mikononi mwa nani. Herufi za namba ya usajili huonyesha ilipoingia katika daftari la Kenya, si mwaka ilipotengenezwa. Tafuta taarifa za mmiliki kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia; jina la benki au mkopeshaji likitokea pamoja na la muuzaji, gari hilo bado ni dhamana. Mita ya kilomita ichukue kama maoni tu. Yadi moja ilituonyesha pikapu yenye kilomita 90,000 ambayo pedali ya klachi ilikuwa imelika hadi chuma, na tulipouliza, tuliambiwa dereva wa kwanza alikuwa na viatu vikali.

Soma pia aina ya umbo la gari iliyoandikwa kwenye logbuku, yaani hati ya umiliki. Pikapu nyingi zimesajiliwa kuwa magari ya biashara, na usajili huo huandamana na ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ambao Nakuru na Kisumu zote zina vituo vyake, pamoja na kodi ya kulipwa mapema kwa KRA, mamlaka ya mapato, na vibandiko vya kuakisi mwanga nyuma ya gari. Bima nayo hubadilika. Kampuni ya bima hutofautisha kati ya pikapu ya matumizi binafsi, ile inayobeba mali ya mwenyewe na ile inayobeba mali ya watu kwa malipo, na kila moja ina bei na masharti yake kuhusu watu wanaoruhusiwa kuwa ndani. Mpigie wakala wako simu ukiwa bado yadini, umsomee kilichoandikwa kwenye logbuku, umwambie waziwazi kwamba Jumatatu gari litabeba watoto na Jumamosi litabeba viazi, na umtake akujibu kwa maandishi kama bima anayokuuzia inawahesabu watoto hao.